Uzi maalumu: Umealikwa chai ya Kijapani kwa mara ya kwanza? Mgeni naye ana kazi humo ndani

Mkazi wa Kamogawa:

Wakuu, salaam.

Kila msimu wanafunzi wapya wanapokuja Japani, wengine kwa ufadhili wa serikali ya huku, wengine kwa ule mpango wa ABE wa kusomesha vijana wa Afrika, uliotangazwa Yokohama mwaka 2013, naulizwa mambo yale yale: baridi, nyumba, treni, chakula. Wakishatulia miezi kadhaa linakuja swali ambalo hakuna aliyewaandaa nalo: "Nimealikwa kwenye chai, nifanyeje?" Mwaliko unaweza kutoka kwa profesa, kwa mama mwenye nyumba, kwa jirani mzee, hata ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ukisikia chai unawaza kikombe na maongezi. Ukifika unakuta watu wamekaa kwa magoti, kimya, wanakutazama wewe ufanye kitu.

Naandika uzi huu kwa sababu naipenda sana chai hii, wanaiita chanoyu, na kwa sababu maelezo mengi niliyowahi kuyasoma yanamfanya mgeni awe mtazamaji. Humo ndani mgeni amepangiwa sehemu yake, na mwenyeji anaisubiri. Anajua lini utasogea, lini utainama, lini utauliza kuhusu bakuli. Asipoipata sehemu hiyo, shughuli nzima inapwaya, hata kama yeye ameisomea miaka arobaini. Kwa hiyo nitaeleza zaidi kazi ya mgeni.

Historia kwanza, kwa ufupi, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini chumba ni kidogo hivyo na kwa nini watu wazima wanaingia wakitambaa.

Chai ilikuja huku kutoka China. Anayekumbukwa zaidi ni mtawa Eisai, aliyerudi nayo mwaka 1191, na mwaka 1211 akaandika kitabu kuisifu kama dawa. Watawa wa Zen, madhehebu ya Kibudha, waliinywa ili wasisinzie wakati wa kutafakari. Baadaye ikaingia kwa wakuu wa vita na matajiri, nao wakaigeuza nafasi ya kuonyeshana vyombo vya thamani kutoka China. Waliobadili mwelekeo ni Murata Juko, kisha Takeno Joo, na juu ya wote Sen no Rikyu (1522–1591), mzaliwa wa mji wa bandari wa Sakai, mtoto wa mfanyabiashara.

Rikyu alipunguza kila kitu. Kuta akaacha za udongo, nguzo zikabaki na gome lake, na chumba akakishusha mpaka mikeka miwili ya tatami. Chumba pekee kinachohesabiwa kuwa mkono wake kingalipo, kinaitwa Tai-an, ndani ya hekalu la Myoki-an huko Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Mikeka miwili, wakuu, ni eneo la kitanda cha sita kwa sita. Humo alimkalisha mwenyeji, mgeni, moto na maji.

Mlango wa wageni, nijiriguchi, una kimo cha takriban sm 66 na upana wa sm 63. Ukiingia lazima upige magoti na uinamishe kichwa, uwe nani. Samurai waliacha panga nje kwenye rafu yake, kwani kwenye tundu lile upanga kiunoni ni usumbufu, na pia hapakuwa mahali pa silaha. Rikyu alimhudumia Oda Nobunaga, kisha Toyotomi Hideyoshi, watu waliokuwa wakiitwaa Japani kwa vita. Mwaka 1591 Hideyoshi akamwamuru ajiue. Sababu wanahistoria wanabishania mpaka leo. Mjukuu wake Sotan aliendeleza, na kutoka kwa watoto watatu wa Sotan zikatoka nyumba tatu za Kyoto zinazofundisha hadi sasa: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke.

Nakuja na siku yenyewe.

Nahodha wa Nungwi:

Endelea dada, tupo. Hapo kwenye panga kuachwa nje nimependa.

Mkazi wa Kamogawa:

Ahsante Nahodha. Sasa siku yenyewe.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa Novemba, hapa Kyoto, nyumbani kwa mwalimu wa chai ambaye jirani yangu ni mwanafunzi wake. Mwezi una maana. Kuanzia Mei mpaka Oktoba maji huchemshwa kwenye jiko la kubebeka linaloitwa furo, likiwekwa mbali kidogo na wageni wasiunguzwe na joto. Novemba linafunguliwa jiko lililochimbwa sakafuni, ro, karibu na wageni, na linabaki wazi mpaka Aprili. Ufunguzi huo ni kama mwaka mpya wa watu wa chai. Kwa hiyo kabla hujaenda, tazama kalenda: ukijua uko kwenye msimu gani, nusu ya vitu utakavyoviona vitakuambia vyenyewe kwa nini viko pale. Hata bakuli hubadilika. La kiangazi ni pana na la kina kifupi, chai ipoe. La baridi kali ni refu na jembamba, lishike joto.

Jirani yangu alinipa maagizo mapema na nayarudia hapa kama yalivyo. Vaa soksi safi nyeupe, au zibebe uvae ukifika. Vua saa, pete na bangili, kwa sababu utashika vyombo ambavyo vingine vina umri mkubwa kuliko babu wa babu yako, na chuma kikigusa udongo uliopakwa rangi kinakwaruza. Usijipulizie marashi, kwenye makaa kumetiwa ubani wao na ndio unaotakiwa unuswe. Usivae sketi ya kubana. Akina dada, gauni pana la kitenge linafaa kabisa, unapiga magoti bila wasiwasi na wenyeji wanalifurahia kwelikweli. Nunua kaishi, karatasi ndogo za kukunja zinazowekwa kifuani au mfukoni, na kijiti cha kukatia kitamutamu. Feni ndogo ya kukunja utaazimwa.

Tulianzia chumba cha kungojea, tukapewa maji ya moto matupu. Hayo ni maji yale yale yatakayopika chai, unayaonja kwanza. Kisha tukatoka kwenye njia ya bustani. Mawe yalikuwa yamemwagiwa maji muda si mrefu, na hiyo ndiyo ishara kuwa mwenyeji yuko tayari. Kwenye birika la jiwe lililo chini kabisa unachutama, unachota kwa upawa, unanawa mkono wa kushoto, wa kulia, unasukutua mdomo, halafu unausimamisha upawa maji yaliyobaki yateremke kwenye mpini ili anayefuata aukute safi. Tayari hapo umeshaanza kumhudumia mgeni mwenzako.

Ukiingia, nenda kwanza kwenye shubaka, tokonoma. Piga magoti, weka feni mbele yako, inama, tazama hati iliyoning'inizwa, tazama ua. Usiharakishe. Mwenyeji aliichagua hati hiyo kwa ajili ya siku hii na watu hawa, na ndicho kitu cha kwanza alichokuambia, ingawa hujamwona uso. Ua lilikuwa moja tu, kamelia nyeupe ambayo haijafunguka, na tone la maji kwenye jani. Kisha nenda ukatazame chungu cha chuma kwenye lile jiko la sakafuni, halafu kaa. Ukitembea usikanyage pindo za mikeka.

Kuhusu pa kukaa: mgeni wa kwanza ana kazi kubwa ya kuzungumza na mwenyeji kwa niaba ya wote, na wa mwisho ana kazi ya kukusanya na kurudisha vyombo. Wewe kaa katikati. Ukiwa katikati, unamtazama aliye mbele yako na kufuata.

Mwenyeji akaingia. Hapo ndipo pa kutulia macho.

Anakunja kitambaa cha hariri, fukusa, kwa mikunjo ambayo haibadiliki, anafuta kopo la chai, anafuta kijiko cha mwanzi. Vyombo vilishaoshwa jikoni. Anavisafisha tena mbele yako ili akili yake na yako zifike mahali pamoja. Anachota maji ya moto, anapasha bakuli, anachovya kipekecho cha mwanzi na kukiinua taratibu akikagua nyuzi zake. Kipekecho hicho, chasen, ni kipande kimoja cha mwanzi kilichopasuliwa kikawa na nyuzi themanini, mia au zaidi, na vingi vinatoka kijiji cha Takayama huko Ikoma, mkoa wa Nara. Nilikitazama kwa karibu baadaye: kila uzi umekwanguliwa ukawa mwembamba kuelekea ncha, na ncha imepindwa ndani. Kazi ya kisu na vidole.

Sikiliza pia. Maji ya moto yakimwagwa yana sauti nzito, ya baridi yana sauti kali na nyembamba. Mle ndani hakuna muziki na hakuna mazungumzo wakati ule, na nilishangaa kuwa sikuwahi kuisikia tofauti hiyo jikoni kwangu.

Kabla ya chai unakula kitamutamu. Sahani inapita. Kabla ya kuchukua unamwinamia anayekufuata na kusema "osaki ni", kwamba unamtangulia. Unaweka kwenye kaishi, unampasia sahani. Novemba ile ilikuwa inoko mochi, kitu kidogo cha unga wa mchele na maharage, chenye umbo la mtoto wa nguruwe mwitu, kinacholiwa wakati wa kufungua majiko kwa imani ya zamani ya kuepusha moto. Malizia chote kabla ya bakuli kukufikia. Utamu unatakiwa ubaki mdomoni ukutane na uchungu.

Chai yenyewe: vijiko viwili vya unga wa kijani, kama gramu 2, na maji ya moto kiasi cha mafunda matatu manne. Anapekecha, anageuza bakuli upande wake mzuri ukuelekee wewe, analiweka. Unakwenda kulichukua, au msaidizi anakuletea. Sasa ni zamu yako:

Liweke kati yako na anayekufuata, mwambie "osaki ni". Lilete mbele yako, mwinamie mwenyeji, sema "otemae chodai itashimasu", ndiyo shukrani kwa chai aliyokuandalia. Liweke kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ulishike ubavuni, linyanyue kidogo kwa heshima. Ligeuze mara mbili, mwendo wa saa, ili usinywee ule upande wake mzuri. Kunywa. Funda la mwisho livute kwa sauti isikike. Mwenyeji anajua umemaliza. Futa ulipogusa mdomo kwa vidole, vidole vifute kwenye kaishi, rudisha bakuli lilivyokuwa.

Halafu litazame. Watu wengi wanaoenda mara ya kwanza wanaruka hapa, nami naona ndipo penye uhondo wote. Weka bakuli chini, viganja mkekani, inama ulitazame lote. Kisha liinue karibu kabisa na mkeka, viwiko juu ya mapaja, ili likiteleza lisiwe na pa kuangukia. Nililopewa lilikuwa la Raku, jeusi. Bakuli za namna hii hazizungushwi kwenye gurudumu, zinafinyangwa kwa mikono, na mtu wa kwanza kuzifinyanga, Chojiro, alikuwa akifanya kazi na Rikyu mwenyewe. Ukoo wake bado uko Kyoto, sasa kizazi cha 16, ingawa nililoshika lilikuwa la mfinyanzi mwingine. Ukingo wake ulipanda na kushuka, mdomo unapata mahali pake wenyewe. Ndani, chini kabisa, palikuwa na kishimo kidogo ambapo povu la mwisho lilikuwa limejikusanya, kijani juu ya weusi. Lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana, na joto lake lilifika mikononi polepole, halikuunguza.

Ladha? Harufu ya majani mabichi, uchungu laini usiokwangua koo, na nyuma yake kitu kizito kama mchuzi.

Maswali karibuni.

Mkulima wa Kericho:

Dada, asante sana kwa maelezo. Mimi ni mkulima wa majani chai, babangu pia alikuwa mkulima. Chai ya kwanza kupandwa Kenya ilikuwa Limuru mwaka 1903, na tangu hapo karibu yote ni chai nyeusi. Majani tukiyapeleka kituoni yanaenda kiwandani, yanakatwakatwa na mashine, yanapigwa hewa mpaka yawe mekundu, yanakaushwa. Nataka kujua huo unga wa kijani wanautoaje. Ni mmea mwingine?

Mkazi wa Kamogawa:

Mzee wangu, mmea ni ule ule, Camellia sinensis, ila aina yao ya majani madogo. Tofauti inaanzia shambani. Kiasi cha siku ishirini au zaidi kabla ya kuchuma wanalifunika shamba kwa mwanzi na majani makavu, siku hizi vyandarua vyeusi, jua lipungue. Jani likikosa jua linahifadhi kile kinacholeta ule utamu mzito na halitengenezi ukakasi mwingi. Linakuwa pia la kijani iliyokolea. Wanachuma mwanzoni mwa Mei, chipukizi la kwanza la mwaka.

Likishachumwa linapigwa mvuke haraka, ndani ya siku ile ile, ili lisigeuke jekundu. Hapo ndipo wanapotengana na kiwanda chenu: nyinyi mnataka hewa ifanye kazi, wao wanaizuia. Kisha linakaushwa bila kuviringishwa, vikonyo na mishipa vinatolewa, kinachobaki kinasagwa kwenye mawe ya kusagia yanayozunguka polepole. Jiwe moja linatoa takriban gramu 40 kwa saa. Likizungushwa haraka linapata moto na kuharibu harufu. Hesabu vijiko vyangu viwili vya siku ile: dakika tatu za jiwe.

Ukija huku nenda Uji, kusini mwa Kyoto. Utajiona uko nyumbani, milima yake na mistari ya chai.

Mkulima wa Kericho:

Dakika tatu za jiwe! Hiyo nitawasimulia watu wa kituoni kesho. Sisi mkulima haoni chai yake ikinywewa, gunia likienda limeenda. Nimefurahi kusikia mahali ambapo mnywaji anauliza imetoka shamba gani.

Mkazi wa Kamogawa:

Anauliza kweli, mzee. Ni moja ya maswali rasmi ya mgeni wa kwanza: chai hii inaitwaje, imetoka kwa nani. Anauliza vilevile jina la kitamutamu, na kile kijiko cha mwanzi, kwani vijiko vingi vimepewa majina kutoka mashairi au msimu.

Nahodha wa Nungwi:

Mambo mawili. La kwanza, sisi tuliokaa tahiyatu tangu madrasa nadhani hicho kikao si kigeni kwetu, ila muda gani? La pili, na hili ni zito kwangu: kuna kusujudia hapo? Unasema unainamia shubaka. Na vyakula vyao, kuna ulevi?

Mkazi wa Kamogawa:

Nahodha, kikao ni hicho hicho unachokijua, na utakuwa na nafuu kubwa. Lakini chai nyepesi peke yake, ile niliyoeleza juu, ni nusu saa mpaka saa nzima. Shughuli kamili, chaji, ni kama saa nne: mlo, makaa yanapangwa, kitamutamu, mapumziko bustanini, chai nzito inayonywewa kwa bakuli moja wote, kisha chai nyepesi. Miguu ikifa ganzi, mwinamie jirani na ubadili mkao taratibu. Hakuna atakayekukasirikia. Kwa wenye magoti mabovu kuna mtindo wa viti na meza, ryurei, ulioanzishwa mwaka 1872 na mkuu wa Urasenke wa wakati ule, Gengensai, kwa ajili ya wageni wa maonyesho ya Kyoto. Ni chai kamili kabisa. Uliza mapema.

Kuhusu imani nitakujibu kwa ninavyoiona. Chanoyu ilikulia mikononi mwa watu wa Zen. Rikyu alijifunza kwa watawa wa hekalu la Daitoku-ji, na hati nyingi za shubakani ni maneno ya watawa. Hakuna sala inayosaliwa pale, na kuinama ni salamu ya huku, kama watu wanavyoinamiana dukani. Ila kuinama mbele ya hati kunaweza kukukera wewe kama Mwislamu, na hapo fuata dhamiri yako: kaa mbele yake, itazame kwa adabu, inatosha. Mwambie aliyekualika, ataelewa. Ujue pia kuwa miongoni mwa wanafunzi wakubwa wa Rikyu alikuwemo Takayama Ukon, mkuu wa vita aliyekuwa Mkristo, akakataa kuiacha dini yake, akafukuzwa nchini mwaka 1614 na kufia Manila mwaka uliofuata. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mwaka 2017. Imani yake na chai vilikaa pamoja mpaka mwisho.

Vyakula: vitamutamu vingi ni maharage, sukari, unga wa mchele. Ile ya kugandishwa, yokan, inagandishwa kwa kanten inayotokana na mwani, wala si mifupa ya mnyama. Kwenye mlo wa chaji ndiko uangalie: pombe ya mchele huhudumiwa, na viungo vingine vina pombe. Sema mapema sana, maana mwenyeji hupanga mlo ule kwa siku nyingi.

Nahodha wa Nungwi:

Barakallahu fiki. Umenijibu kwa uwazi.

Ua la Lushoto:

Mimi nina neno tofauti kidogo. Nilisoma Tokyo, nikahudhuria chai hotelini mara kadhaa. Nilichokiona ni mavazi ya bei mbaya na bakuli ambalo ukiambiwa thamani yake mikono inatetemeka. Wanasema ni unyenyekevu, lakini naona unyenyekevu wa wenye nacho. Dada Kamogawa, hilo unalisemaje?

Mkazi wa Kamogawa:

Ua, unalosema lipo, na lina umri sawa na chai yenyewe. Hideyoshi yule yule alitengenezewa chumba cha chai cha dhahabu, cha kubomoa na kubeba, na kukipeleka mpaka kwenye kasri la mfalme mkuu. Rikyu alikuwa mtumishi wake wa chai wakati huo huo. Mwaka 1587 Hideyoshi huyo akatangaza chai kubwa kwenye viwanja vya Kitano hapa Kyoto na kusema aje yeyote, mkulima au mfanyabiashara, mradi awe na chungu, ndoo na bakuli, na asiyekuwa na chai alete hata unga wa nafaka uliokaangwa. Pande zote mbili ziko ndani yake tangu zamani.

Ila mimi najua upande ninaosimama. Mwaka 1590, wakiwa kwenye vita vya Odawara, Rikyu alikata mwanzi akatengeneza chombo cha kuwekea ua. Mwanzi wenyewe una ufa. Maji yalivuja mkekani, na masimulizi ya watu wa chai yanasema aliyeulizwa alijibu kuwa kuvuja ndiko uzuri wake. Kile chombo sasa kiko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, na kabla hakijawa mali ya makumbusho kilikuwa mwanzi tu, wa bure, uliochaguliwa na jicho zuri. Mwalimu niliyekwenda kwake ni mama mstaafu. Bakuli lake la kila siku ameliokota kwenye soko la vitu vya zamani la Toji. Chai yake haipungui kitu.

Bei za mavazi na vyeti vya shule za chai zinawafukuza vijana, hilo nakubaliana nawe asilimia mia, na linaniuma. Lakini kama mgeni huhitaji chochote cha ghali.

Ua la Lushoto:

Hapo kwa mwalimu wa soko la Toji umenigusa. Nadhani nilikutana na chai ya hoteli, sikukutana na mtu.

Koti Refu:

Habari wana uzi. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi Tokyo. Kwa ambaye hana mtu wa kumwalika, nawapa njia nyepesi. Nendeni bustani ya Hamarikyu hapa Tokyo, kuna nyumba ya chai katikati ya dimbwi, Nakajima no Ochaya. Unalipa bei nafuu, unakaa kwenye tatami, unaletewa bakuli la matcha, ndiyo chai ya ule unga wa kijani, na kitamutamu chake. Hakuna shughuli kamili, ila unaweza kufanya mazoezi ya yale aliyoyaeleza dada: kula tamu kwanza, geuza bakuli, litazame. Kanazawa kuna Shigure-tei ndani ya Kenrokuen. Uji kuna Taiho-an, ya manispaa, karibu na hekalu la Byodo-in, pale wanakuandalia mbele yako.

Swali langu: mbona kila mahali povu linatofautiana? Nimepewa yenye povu zito, kwingine nikapewa yenye povu kidogo, nikadhani wamepika vibaya.

Mkazi wa Kamogawa:

Ahsante Koti Refu, orodha nzuri. Taiho-an nawashauri wote.

Povu ni suala la shule. Urasenke wanapekecha mpaka uso wote ufunikwe na povu laini. Omotesenke wanaacha sehemu ya chai ionekane bila povu. Kila upande utakuambia kwa nini wa kwao unafaa zaidi, wewe shukuru na kunywa. Urasenke ndio utakaowakuta zaidi nje ya Japani. Mkuu wao wa 15, Sen Genshitsu, alikuwa rubani aliyefunzwa kwa ajili ya mashambulizi ya kujitoa mhanga wakati wa vita kuu ya pili. Vita vikaisha yeye yuko hai na wenzake wengi wamekufa. Akatumia maisha yake yote yaliyobaki kupeleka bakuli la chai nchi baada ya nchi akizungumzia amani. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 102. Mimi nikisikia mtu anasema chai hii ni ya kujionyesha, namkumbuka yule mzee.

Mwanafunzi Mtarajiwa:

Dada shikamoo. Naondoka Aprili, nimeusoma uzi wote. Nauliza la mwisho: baada ya chai unalipa? Unapeleka zawadi? Na kama sijui Kijapani, nitamwambia nini mwenyeji?

Mkazi wa Kamogawa:

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa safari.

Kama ni chai ya wazi ya hekalu au ya shule, kuna tiketi na bei imeandikwa. Kama umealikwa nyumbani, muulize aliyekualika, tena mapema: "kuna mchango?" Ukiwepo, noti ziwe safi, ndani ya bahasha, usitoe pesa tupu mkononi. Zawadi ndogo ya kutoka nyumbani inapokelewa vizuri. Kahawa ya Kilimanjaro huku wanaijua kwa jina. Mpe nje ya chumba cha chai, ukifika au ukiondoka, usiingie nayo ndani.

Kijapani kisikutishe. Yale maneno mawili niliyoandika juu yanatosha, na jina la kitamutamu ulichokula ukiweza kulikumbuka. Wakati wa kutoka, rudi tena shubakani utazame hati na ua kabla ya kutambaa nje. Mwenyeji atakuja mlangoni baada ya wageni kutoka, mtainamiana kimya, usianze kupiga picha hapo.

Kesho yake mwandikie barua. Kwa mkono. Hata kwa Kiingereza, mtu atamtafsiria. Usiandike "chai ilikuwa nzuri" ukaishia hapo. Taja kitu kimoja ulichokiona kweli, mimi niliandika kuhusu lile tone kwenye jani la kamelia. Aprili unayofika ni mwezi wa mwisho wa jiko la sakafuni kabla halijafunikwa, kwa hiyo ukipata mwaliko mapema usiuahirishe. Ukishatulia nitumie ujumbe wa faragha, kama utakuwa Kansai, yaani upande huu wa Kyoto na Osaka, nitakuunganisha na jirani yangu.